Mwandiko wa Aurélie

Katika darasa la sita la shule ile ya mlimani, juu ya Nyabiondo, hakuna aliyethubutu kushindana mwandiko na Aurélie. Herufi zake zilisimama wima, zimeachana sawasawa, na mkia wa kila g ulipinda kwa adabu. Padri alipotaka tangazo la ndoa libandikwe mlangoni mwa kanisa, alimwita Aurélie. Muuza chumvi alipotaka jina lake liandikwe juu ya mlango wa duka, alimwita Aurélie. Mtoto wa miaka kumi na miwili, na watu wazima wanasimama nyuma yake kimya wakingojea amalize! Mama yake, Mama Emérita, muuza karanga, alijisifia jambo hilo sokoni mpaka wenzake wakachoka kumsikiliza.

Kwa ajili ya mwandiko huo Mwalimu Élysée akamfanya kiongozi wa darasa. Wenzake walimwita "Chef". Cheo hicho kina kazi mbili. Asubuhi, chef huandika majina ya wanafunzi wasiofika, na mbele ya kila jina huandika sababu: mgonjwa, yuko shambani, amefiwa. Kisha mwalimu akitoka darasani, chef husimama mbele na kuandika majina ya wapiga kelele. Na Mwalimu Élysée alitoka mara nyingi, kwa kuwa mshahara wake ulikuwa habari ya kusikia tu na mihogo yake ilikuwa nyuma ya shule. Akirudi, anasoma orodha, wanaitwa mmoja mmoja, wanachapwa viganjani. Kila aliyesoma huku anaijua karatasi hiyo. Wapo wazee wenye wajukuu wanaomkumbuka chef wao kwa jina, na hawajamsamehe.

Aurélie alikaa dawati moja na Umurerwa tangu darasa la kwanza. Kwao Umurerwa ni ng'ambo ya kijito, kilima kinachotazamana na chao. Baba yake, Papa Damascène, alilima maharagwe. Mama yake, Mama Mukashema, aliazimana na Mama Emérita kila kitu kinachoazimika, kuanzia ungo hadi jembe. Nyumbani kwao walisema Kinyarwanda, kwa akina Aurélie walisema Kihunde, na wakikutana njiani walisema Kiswahili kama kila mtu. Kaburi la babu yake Damascène lilikuwa pale juu ya shamba, na msalaba wake ulishaoza ukabadilishwa mara mbili.

Kuna jambo moja la kujua kuhusu Umurerwa. Mwaka uliotangulia, Aurélie alipolala na malaria wiki nzima, Umurerwa ndiye aliyeshika uchefu. Darasa likapiga kelele mpaka mbuzi wa direkteri, mkuu wa shule, wakakimbia uwanjani. Mwalimu aliporudi akapewa karatasi nyeupe. Hakuna jina hata moja? Hakuna, Mwalimu. Siku tano mfululizo karatasi nyeupe, na siku tano mfululizo akachapwa Umurerwa mwenyewe kwa niaba ya darasa zima. Aurélie alipopona akamuuliza kwa nini, na mwenzake akashangaa kuulizwa.

"Miye siuzake batu," alisema.

Kuuza, kwa watoto wa huku, ni kumtaja mwenzako mbele ya mkubwa.

Mambo yalianza kuharibika alipokuja Jean-de-Dieu. Alitokea upande wa Walikale pamoja na mama yake, wamekimbia mapigano, wakalala kwanza kanisani halafu kwenye kibanda nyuma ya kanisa. Alikuwa na miaka kumi na tano katika darasa la watoto wa miaka kumi na miwili, magoti yamebana chini ya dawati, shati alilovaa ni la mama yake. Watoto walimcheka bila huruma. Walimwita Deplase, yaani mkimbizi, wakajiziba pua akipita, wakamfichia kiatu chake kimoja kwa kuwa kingine tayari hakikuwa na soli. Aurélie naye alicheka. Tusimfichie, alicheka kama wengine.

Basi siku moja wakati wa mapumziko, wamemzunguka wanamcheka, Jean-de-Dieu akamnyooshea kidole Tuyishime, kijana mdogo aliyekuwa amekaa kando akila muhogo wake.

"Muko munanicheka miye juu ya nini?" alisema. "Miye niko Mukongomani. Na ule? Ule iko wa wapi?"

Watoto wakageuka, wakamtazama Tuyishime kana kwamba ameingia uwanjani dakika ile. Kisha wakacheka, na kicheko kikamwacha Jean-de-Dieu kikamwendea mwenzake. Yule aliyefika mlimani juzi akawa mwenyeji. Yule ambaye babu yake alizaliwa pale akawa mgeni. Jean-de-Dieu aliona jinsi ilivyokuwa rahisi, na tangu siku ile hakuacha.

Wala watoto hawakulitoa jambo hilo hewani. Mtoto husema uani yale aliyoyasikia kando ya moto. Mwaka ule wazee walianza kunyamaza jirani akipita, redio ilizungumza habari za watu "wa hapa" na watu "wa kule", na chini ya soko ilisimikwa bariyeri mpya: mwanzi mmoja juu ya mafiga mawili ya mawe, na vijana watano wenye bunduki. Majina ya vikundi vyao yalibadilika kila msimu wa mahindi, hata watu wa mlimani wakaacha kuyakariri, wakawaita tu vijana wa bariyeri. Kazi yao ilikuwa kuuliza watu wanatoka wapi.

Darasani, watoto wa nyumba zinazosema Kinyarwanda walikuwa watano: Umurerwa, Niyigena, Tuyishime, Nyiramana na Mapendo. Kuhusu Mapendo palitokea ubishi, kwa kuwa mama yake ni Muhunde. Wakabishana mapumziko mazima kama ahesabiwe au asihesabiwe, yeye mwenyewe amesimama pale anasubiri, mwisho wakaamua ahesabiwe. Madumu yao ya maji yalimwagwa. Wimbo wa kuwaambia warudi kwao ulitungwa, ukaimbwa hata wakati wa kufagia uwanja. Siku moja walimkamata Niyigena wakampima pua kwa rula. Rula ilikuwa ya Aurélie. Waliiomba, akawapa, akageuka kutazama milima.

Nyakati zile aliendelea kukaa dawati moja na Umurerwa, lakini alianza kutoka darasani kabla yake na kurudi baada yake, ili wasionekane njiani pamoja. Umurerwa aliona.

Jumatano moja, mwalimu ametoka kwenda kuangalia mihogo yake, Aurélie amesimama mbele na karatasi yake, Jean-de-Dieu akaita kutoka nyuma.

"Chef! Leo achana na ba kelele. Andika bale habako ba hapa."

Darasa likashangilia. Aurélie akatabasamu kama mtu aliyesikia mzaha.

"Ile haiko kazi yangu," alisema.

"Ao na weye uko wabo? Kila siku munakaa, munakula pamoja. Tukuweke numero sita?"

Watoto wakaanza kucheka, na Aurélie akakihisi kicheko kikigeuka, polepole, kikimjia yeye. Aliogopa. Aliogopa kama hajawahi kuogopa fimbo. Akashika kalamu yake ya biki.

Hapo ndipo mwandiko wake ulipomponza. Mtoto mwingine angechora majina matano kombokombo, yakaishia hapo. Aurélie hakujua kuandika vibaya. Padri alikuwa amemfundisha kwamba katika tangazo jina tupu halimtambulishi mtu. Lazima useme ni mtoto wa nani na anakaa wapi. Basi akaandika kichwa cha habari kama Jean-de-Dieu alivyokitamka, Bale Habako ba Hapa, yaani wale wasio wa hapa, akakipigia mstari kwa rula. Akaweka namba. Akaweka jina, jina la baba, na kilima. Namba moja: Umurerwa, mtoto wa Damascène, ng'ambo ya kijito. Mpaka tano. Alipomaliza aliitazama karatasi, na kwa kitambo kifupi alifurahi jinsi ilivyopendeza. Furaha hiyo ilikuja kumtesa kuliko mengine yote.

Umurerwa alikuwa ameona yote akiwa dawatini. Aurélie aliporudi kukaa, mwenzake alimwambia kwa sauti ya chini, bila hasira:

"Uliweka na jina ya Papa."

Mara viatu vya mwalimu vikasikika nje. Aurélie akaichomeka karatasi ndani ya daftari la hesabu la mwaka jana, lile alilokuwa akiliweka chini ya mkono wakati wa kuandika. Mwalimu akauliza wapiga kelele ni nani. Hakuna, Mwalimu. Nyumbani akalisukuma daftari chini ya kitanda na kusema moyoni, kesho nitaichoma. Jioni ile palikuwa na maji ya kuchota na sombe, majani ya muhogo, ya kutwanga, na kesho, kama ilivyo kawaida yake, ilionekana bado iko mbali.

Kesho ilikuwa siku ya soko. Na nyumbani kwa Mama Emérita kuna sheria ambayo Aurélie aliijua tangu anatambaa: daftari likiisha ni la karanga. Kila siku ya soko mama huchukua daftari moja kuukuu, analipasua, anakunja kila karatasi kuwa kifuko chenye ncha, anatia ndani karanga za kukaanga, anafunga juu. Nusu ya mlima imekula karanga ndani ya mafunzo ya Aurélie. Mama Emérita hakujua kusoma. Karatasi kwake ilikuwa nzito au nyepesi, basi.

Aurélie aliporudi kutoka shuleni saa sita na nusu, akainama chini ya kitanda. Palikuwa patupu.

Alikimbia kushuka mlima mpaka sokoni bila kuhisi miguu. Mama yake alikuwa mahali pake pa siku zote, hatua chache kutoka bariyeri, kitunga cha karanga mbele yake.

"Mama, kaye yangu ya hesabu iko wapi?"

"Si ilikuwa imeisha? Niliipasua."

"Kulikuwa karatasi ingine ndani. Haikuwa na hesabu."

"Ile muzuri? Niliifungia karanga. We mutoto, unalia nini? Karatasi yenyewe iko nini?"

"Nani aliinunua?"

"Sasa nitajua? Katekista alinunua. Mama wa chumvi alinunua. Bale batoto ba bariyeri balichukua bifuko ine."

Aurélie akapiga magoti akaanza kufungua vifuko vilivyobaki. Kugawanya. Kuzidisha. Vipande vya mzunguko. Karanga zikamwagika vumbini, mama yake akampiga kofi la mgongo na kumwuliza kama ana mashetani. Karatasi haikuwamo. Akainua macho kuelekea bariyeri.

Ilikuwa inakaribia saa nane. Kila siku ya soko, saa nane, Papa Damascène alipita pale na binti yake wakirudi kwao baada ya kuuza maharagwe. Umurerwa siku hiyo hakuja shuleni. Alikuwa amembebea baba yake mzigo. Aurélie alilijua hilo vizuri, maana asubuhi ndiye aliyeandika jina lake katika orodha ya wasiofika, na mbele yake: yuko sokoni.

Akachukua vifuko vitatu, akavishika kama mtu anayeuza, akaenda.

Mkubwa wao, kijana mwenye kofia ya sufu, alikuwa amekaa juu ya jiwe, bunduki mapajani, na juu ya bunduki karatasi imenyooshwa, ina madoa ya mafuta. Alikuwa anaifuata kwa kidole, herufi moja moja, midomo inacheza. Aliacha shule mapema, ilionekana wazi.

"We mutoto," alisema bila kuinua kichwa. "Unajua kusoma?"

"Najua, kaka."

"Kuya usome hapa."

Basi Aurélie akasimama mbele ya bariyeri akasoma maneno yake mwenyewe kwa sauti. Darasani yalikuwa yamefanana na wimbo wa mapumziko. Hapa kila jina lilipotoka, wale vijana waliacha kutafuna. Jina, baba, kilima. Jina, baba, kilima. Aliposoma la tano, mmoja wao aliyekuwa ameegemea mwanzi akacheka.

"Ile iko mambo ya batoto ya masomo. Tupa, chef."

"Batoto gani?" alisema mwenye kofia. "Angalia vizuri. Numero iko. Baba iko. Kilima iko. Na mwandiko kama ya parokia! Kama ingekuwa ya batoto, ningeifungia karanga tena niitupe. Hii iko kazi ya muntu mukubwa, muntu mwenye kujua bale batu." Ndipo akamtazama Aurélie kwa mara ya kwanza. "Haujui ni nani aliandika?"

Mlango ulikuwa wazi. Neno moja lilitosha: ni mimi, kaka, ilikuwa mchezo wa darasani. Angechapwa kofi, wangemcheka, karatasi ingeishia vumbini pamoja na maganda. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini bunduki ilikuwa pale, imelala mapajani kama mtoto mchanga, na mama yake alikuwa hatua chache nyuma, yeye aliyewauzia ile karatasi kwa mkono wake. Wangemfanya nini mama?

"Sijui, kaka," alisema.

Naye Papa Damascène akatokea njiani, gunia tupu begani, mkononi chumvi na sabuni. Umurerwa alikuwa nyuma yake na ungo wa Mama Emérita kichwani, ule ambao mama yake aliuazima kwa kupepetea maharagwe.

"Weye njo Damascène?" aliuliza mwenye kofia.

Kila siku ya soko alikuwa akipita pale na hakuna aliyewahi kumwuliza jina. Damascène akatua gunia taratibu.

"Njo miye."

"Na huyu Umurerwa."

"Binti yangu."

"Majina yenu iko kwa liste."

"Liste gani, kaka?"

"Ya bale habako ba hapa."

Damascène akanyoosha mkono kuelekea ng'ambo ya kijito. "Baba ya baba yangu iko pale. Msalaba inaonekana kutoka hapa."

"Kila muntu iko na kaburi," alisema mwenye kofia. Akampa Umurerwa karatasi. "Weye unasomaka? Huu mwandiko unaujua?"

Umurerwa alikuwa amekaa kando ya mwandiko ule miaka sita. Aliuona ukikua. Alipokosa somo aliunakili, alipokosa kuelewa ni huo uliomwelewesha. Aliitazama karatasi, akaona mikia ya zile g, akainua macho, akamwona mwenye mwandiko amesimama pale pale na karanga mikononi. Angesema, "Si huyu hapa, tunasoma pamoja," na karatasi ingegeuka kuwa ya watoto. Aurélie, kwa aibu yake, aliomba Mungu mwenzake aseme, na katika sala hiyo hiyo akaomba asiseme.

"Sijui," alisema Umurerwa.

"Haujui?"

"Sijui."

Mbele ya bunduki, kama mbele ya fimbo, hakumwuza mtu. Mwenye kofia akachukua karatasi yake, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo.

"Pitani," alisema. "Leo, pitani."

Mwanzi ukainuliwa. Baba na binti wakapita, na Umurerwa hakugeuka nyuma. Aurélie alisimama pale mpaka karanga zikaanza kumdondoka.

Ijumaa hakuna hata mmoja wa wale watano aliyefika shuleni. Jumamosi, mchana kweupe, vijana watatu wa bariyeri walionekana wakizunguka vilima. Hawakugonga mlango. Hawakuchukua hata kuku. Waliuliza tu watu njiani: kwa Damascène ni wapi? Kwa baba yake Tuyishime ni wapi? Wakifika uani wanasimama, wanatazama karatasi, wanatazama nyumba, mmoja anatia alama kwa biki, wanaendelea. Nyumba tano, alama tano.

Jioni Polycarpe, baba yake Aurélie, aliwaeleza hayo wakiwa wamezunguka sahani ya ugali.

"Karatasi yenyewe nimeiona na macho yangu. Majina imepangwa vizuri. Bariyeri haijui hata jina ya kilima yetu. Kuna muntu wa hapa hapa alibaandikia."

Mama Emérita akaacha kula. Mukashema alikuwa amemshika mkono siku alipomzaa Aurélie, kabla mkunga hajafika.

"Ule muntu," alisema polepole, "Mungu amukaushe ule mukono."

"Amina," alisema Polycarpe.

Aurélie alikuwa na tonge mkononi, mkono wa kulia. Akauteremsha mkono huo chini ya kitambaa alichojifunika, cha mama yake. Alitaka kusema. Alifungua mdomo kabisa, na mama yake, akidhani anataka mboga, akamsogezea sahani.

Jumapili benchi la akina Damascène kanisani lilikuwa tupu, na mengine manne vilevile. Padri alihubiri habari ya samaki. Waliporudi nyumbani wakakuta ungo wao kizingitini. Umeoshwa, umekauka, na ndani yake viganja viwili vya maharagwe mekundu. Huku kwetu chombo cha kuazima hakirudishwi kitupu, na Mukashema, katika asubuhi ya kukimbia, huku watoto wanabebeshwa magodoro, alikuwa amesimama akapima maharagwe ya kurudishia ungo wa jirani. Mama Emérita akaelewa mara moja. Akakaa chini pale pale kizingitini na nguo zake za kanisa, ungo mapajani, akalia kwa sauti.

Watu walisema wameelekea Mweso, walikojaa waliokimbia kabla yao. Wengine wakasema njia ya Mweso ina bariyeri tatu, na karatasi iliyokunjwa mara nne haina uzito, inasafiri kwa pikipiki haraka kuliko miguu ya watu wenye watoto. Mpaka leo hakuna aliyeleta habari zao.

Jumatatu darasa lilikuwa na nafasi tano. Hakuna aliyeimba. Watoto waliingia, wakakaa, wakatazama zile nafasi halafu wakatazama madaftari yao. Jean-de-Dieu alikaa ameinamisha kichwa. Kwa muda ilionekana kwamba wameelewa kitu. Kisha, kutoka dawati la dirishani, sauti ndogo ikaita:

"Deplase."

Mmoja akacheka, wa pili akacheka, kicheko kikazunguka darasa na kurudi pale kilipoanzia. Jean-de-Dieu akainua kichwa. Aurélie aliyaona macho yake yakipita dawati kwa dawati, yakitafuta wa kumnyooshea kidole, na safari hii hakuna aliyebaki.

Mwalimu Élysée akagonga meza.

"Chef. Andika bale hawakufika."

Aurélie akachukua karatasi. Biki ilipogusa karatasi, mkono ukaenda wenyewe, kama ulivyozoea. Akapiga mstari kwa rula. Namba moja: Umurerwa. Namba mbili: Niyigena. Akafika tano, akaona kwamba ni orodha ile ile, kwa mpango ule ule, na herufi nzuri zile zile. Akajaribu kuandika la mwisho vibaya. Mkono ulikataa.

Ikabaki sehemu ya sababu. Mgonjwa, yuko shambani, amefiwa. Alikaa muda mrefu akiitazama nafasi ile nyeupe kando ya jina la Umurerwa, mpaka mwalimu akamwuliza kama amelala. Ndipo akaandika. Mara tano, moja chini ya nyingine, bila kuacha mkia hata mmoja. Akasimama, akaipeleka.

Mwalimu Élysée akaipokea huku akitabasamu, kama alivyotabasamu kila asubuhi kwa mwandiko ule. Kisha tabasamu likamtoka. Alisoma kutoka juu mpaka chini, akarudia. Mbele ya kila jina, mahali pa sababu, paliandikwa: Aurélie, mtoto wa Polycarpe, kilima cha kanisa.

Mwalimu hakumpiga. Alikwenda dirishani, lile linalotazama soko na bariyeri, akalifunga.

"Mutoto wangu," alimwuliza kwa sauti ambayo darasa halikuwahi kuisikia, "hii karatasi, nani mwingine aliiona?"